Askari wa Kizingitini

Niliitwa Barabara ya Tisa, Ngamiani,
kwa Bi Mwanamkuu, kuutazama mlango wa uani.
Bawaba, alisema. Mlango unalia, ni bawaba.
Nikagonga fremu kwa kifundo cha kidole:
ikajibu kama dafu lililokwisha nywewa.

Mbao za Shume, rangi mpya ya kijani,
na ndani ya rangi hamna mbao.
Mchwa ni mwizi mwenye adabu:
hutoa noti, bahasha akaiacha imefungwa.

Nikachomeka patasi.

Niliwasikia kabla ya kuwaona.
Mchwa si bubu. Weka sikio pale ulipopasua:
wanagonga vichwa kwenye kuta za njia zao,
mchakato mdogo, kama mchele unaopepetwa nyumba ya tatu,
kumevunjika, kumevunjika.

Wale weupe, wabeba udongo, walirudi ndani mbio.
Wakatoka wenye vichwa.

Nikamweka mmoja juu ya ukucha wa gumba.
Mwili: punje ya wali uliozidi maji.
Kichwa: kama ameazimwa na mnyama mwingine,
kigumu, kinang'aa, rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili,
kikubwa kuliko kifua na tumbo lake.
Macho, nilitafuta. Hana.
Mbele, taya mbili nyeusi, zimepishana
kama mkasi uliosahauliwa wazi.

Akaniuma. Tone la damu likatoka.
Nikamvuta; mwili ukaja, kichwa kikabaki,
kimeng'ang'ania.
Nikaendelea na kazi hadi adhuhuri
nimekivaa.

(Wapo wengine, niliwaona Amani nikipasua magogo:
hawana taya za maana, wana pua kama sindano,
na adui akisogea wanamtemea gundi.
Huyu wangu hakujaliwa gundi. Alijaliwa kuuma.)

Na taya zile haziwezi kutafuna.
Zimekua kwa vita mpaka zikakisahau chakula.
Hulishwa. Kibarua humwendea gizani,
humtilia kinywani uji wa mbao, kama mgonjwa.
Kibarua asipokuja,
askari hufa njaa na silaha zake zote.

Nikainama tena. Vibarua walikuwa wamerudi,
kila mmoja na tonge la udongo na mate,
wanaziba.
Hawakuwaita walio nje.
Askari walisimama nusu duara, vichwa mbele,
na ukuta ukapanda nyuma yao,
tundu la kitufe, tundu la sindano,
kisha hamna tundu.
Sungusungu (wadudu, si wale wa mtaa)
walishapata habari. Mstari mweusi
ulikuwa unateremka kutoka dirisha la jiko.

"Fundi, si bawaba?"
"Si bawaba, Bi Mwanamkuu."
Nikamtajia bei ya mvule. Akaketi.
Nikamimina oili chafu, lita mbili. Ndiyo kazi.

Baba yangu, Sechambo, alilinda ghala la mkonge Pongwe
miaka kumi na tisa, kwa rungu na tochi isiyo na betri.
Mshahara ulikuja siku uliyojisikia kuja,
na mama alimpelekea ugali kwenye bakuli la bati,
akaupitisha chini ya seng'enge.
Usiku wa wenye mapanga,
geti lilifungwa kwa ndani. Utaratibu, walisema.
Alirudi na jicho moja na barua ya pongezi
yenye mhuri. Tuliitunza sandukuni.
Mchwa waliila, wakaanzia kwenye jina.

Jioni alikiona kidole changu.
"Umeoa? Pete gani hiyo?"
"Askari," nikasema.
Akaushika mkono wangu, akausogeza
kwenye lile jicho lililobaki,
akakitazama kichwa muda mrefu, kile na taya zake
zilizokuwa bado kazini.

"Huyu," akauliza, "alikuwa analishwa na nani?"